Gololi ya Mamdogo

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Greenbelt kwa rafiki yangu, kwenye arobaini ya mtoto wake mchanga. Kabla ya kuwasha ubani, mama mkwe wake alipanda juu ya kiti cha jikoni, akakivisha king'ora cha moshi ile kofia ya plastiki ya kuogea, akauvuta mpira wake vizuri pembeni ili king'ora kisianze kutupigia makelele. Watu wakacheka. Mimi nilichukua viatu vyangu nikatoka hadi kwenye korido, nikasimama huko peke yangu mpaka moshi ulipopungua, na rafiki yangu aliponifuata kuniuliza nina nini, nilimwambia nina pumu. Sina pumu.

Wengi wetu tuliokulia kwenye fleti za Maryland kwa wazazi wa pwani tunaijua kofia hiyo. Wenzangu wanaikumbuka kwa Idi na kwa harusi. Mimi naikumbuka kwa siku moja ya theluji, nikiwa na miaka tisa, Bi Mize alipopanda juu ya kiti chetu, akakifunika king'ora chetu, akashuka, kisha akanifunika na mimi.

Tulikuwa tunakaa Laurel, fleti ya chini kabisa, dirisha la sebuleni likitazama maegesho ya magari. Tulikuwa wanne kwenye vyumba viwili: Mama, mimi, Mamdogo Salha ambaye ni mdogo wake Mama, na mwanawe wa pekee, Sudi. Mama na Mamdogo walikuwa wakihudumia wazee, kazi ya kuinua watu wazito na kubadilisha mashuka, na mara nyingi walikutana mlangoni tu, mmoja akitoka na mwingine akiingia. Kwa hiyo asubuhi zangu zilikuwa mikononi mwa kaka Sudi. Alikuwa na miaka kumi na tisa na jaketi la manjano ambalo hakulivua hata ndani ya nyumba. Alinipeleka kwenye kituo cha basi la shule kila siku na kusimama nami, mkono mmoja mfukoni, uzito wote ameutupa kwenye mguu wa kushoto, hata ukimwona kutoka mbali unajua ni yeye.

"Zuu, umebeba homework?"

"Yes."

"Sema ndiyo, wewe. Mama zetu watadhani nakufundisha vibaya."

Sudi na mama yake walikosana kwa ajili ya chuo. Sudi alikuwa ameacha kwenda darasani tangu mwanzo wa muhula na hakumwambia mtu. Alitoka asubuhi na mkoba na kurudi nao jioni. Barua ilipokuja, Mamdogo aliisoma akiwa bado na sare ya kazi, ametoka zamu mbili mfululizo, miguu imemvimba. Sikumbuki yote aliyosema. Nakumbuka ya mwisho, kwa sababu aliyasema polepole: "Toka. Na usirudi hapa mpaka uwe mtu." Sudi alinitazama mimi, akamtazama Mama, akatoka na jaketi lake. Mamdogo alimfunikia chakula sahani juu ya sahani, akijua atarudi na njaa kabla ya isha. Sahani zile zilikaa mezani siku mbili, na hakuna aliyethubutu kuziondoa.

Wiki zikawa miezi. Polisi walisema kijana ni mtu mzima, ana haki ya kwenda atakako. Marafiki zake wa Takoma Park walisema hawajamwona. Mamdogo aliwafuata mmoja mmoja kwa basi, kwenye siku zake za mapumziko, na kila mara alirudi amekonda zaidi. Aliulizia msikitini, aliulizia kwa madereva wa teksi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, Mama alikuwa akisema, na mimi mtoto nilidhani ni maradhi fulani ya kina mama, kwa jinsi Mamdogo alivyokuwa akijishika tumbo.

Hapo ndipo akaingia Bi Mize. Alikaa jengo la pili, akilea watoto wa watu wakati mama zao wako kazini, na asili yake ilikuwa Pemba, jambo ambalo kwa watu wa nyumbani lilitosha kumaliza maelezo. Wote walimsema. Wote walikuwa wamewahi kumwendea. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mpenda pipi za mnanaa, na nikimkumbuka vizuri sidhani kama alikuwa na ubaya wowote moyoni. Naandika hivyo kwa shida, lakini naandika.

Kazi yake ilikuwa kutazamia. Hakutazama yeye mwenyewe, alimtazamisha mtoto. Kwao ndivyo ilivyokuwa: anatafutwa mtoto ambaye hajabaleghe, mwenye macho ambayo hayajaona dhambi, anawekewa bakuli jeupe la maji, anafunikwa, anafukiziwa ubani, anaambiwa aseme aonacho. Mkubwa akitazama maji ataona anachokitaka. Mtoto hana anachokitaka, kwa hiyo ataona kilichopo.

Mara ya kwanza ilifanyika kwa Bi Mize, Jumamosi, Mama akiwa kazini, maana Mama hakutaka kabisa mambo ya ramli. Nilikodolea bakuli macho mpaka shingo ikauma. Niliona pua yangu na taa ya dari.

"Unaona nini, mjukuu?"

"Nothing."

"Sema Kiswahili. Hao wenyewe hawajui Kizungu."

"Hamna kitu."

Bi Mize alichovya kidole, akayaonja maji, akakunja uso. "Haya maji ya bomba wameyatia dawa," alimwambia Mamdogo. "Dawa ya kuulia wadudu. Sasa nani atakuja humu?" Maji ya chupa aliyakataa, akasema yamefungiwa hayana pumzi. Walikinga maji ya mvua kwenye beseni, yakaganda usiku ule ule. Leo ningeweza kucheka. Wakati ule niliona ni jambo zito sana, kwamba nchi nzima ya Marekani haina bakuli moja la maji ambamo mtu anaweza kumwona kaka yake.

Mfa maji haachi kutapatapa. Siku moja Mamdogo alirudi kutoka duka la mitumba na kitu amekifunga kwenye skafu. Ilikuwa gololi kubwa ya kioo, safi, nzito, ya kujaa viganja viwili. Pale kwenye barabara ya Route 1 kulikuwa na nyumba yenye alama ya kiganja cha taa nyekundu dirishani, ya mama mmoja mpiga ramli, na Mamdogo aliyapita mabango yake kila siku akiwa ndani ya basi. Alijua Wazungu wanatazamia kitu cha namna hii. Bi Mize aliigeuzageuza, akaipulizia, akaifuta kwa kanga.

"Haya," alisema. "Kila watu na yao. Kama mji wao unaona kwa hiki, na tujaribu hiki."

Kisha ikaja ile theluji. Shule zilifungwa, mabasi yalisimama, Mama alilala kazini kwa sababu wa kumpokea zamu hakuweza kufika. Asubuhi kwenye saa nne, Bi Mize alivuka maegesho na mabuti yaliyomzidi, akaingia anahema, akakung'uta miguu. Alivuta meza ya kulia chakula mpaka dirishani. Alifunga pazia, akaacha upenyo wa upana wa kiganja ili mwanga uiangukie gololi. Mimi nilikaa nikilitazama dirisha. Mamdogo alikaa ng'ambo ya meza, pembeni kidogo asizibe mwanga, mgongo wake kwenye kioo cha dirisha. Kofia ikavishwa king'ora, ubani ukawekwa kwenye kaa la moto, na kanga ikashuka juu ya kichwa changu mpaka nikabaki na kitu kimoja tu duniani cha kutazama.

Nilijivuna sana, lazima niseme. Nyumba nzima ilikuwa ikinisubiri mimi, mtoto ambaye siku zote aliambiwa apishe.

Mwanzoni niliona weupe tu. Halafu macho yakazoea na nikaona kwamba ndani ya gololi kulikuwa na nchi. Ilikuwa ndogo, safi, kila kitu kikionekana mpaka ncha. Juu kulikuwa kweupe pe. Kutoka kwenye weupe ule vitu vyeusi vilining'inia kuelekea chini kama popo. Na katikati, ananing'inia pamoja navyo, nyayo zimegusa ule weupe wa juu na kichwa kimeelekea chini, palikuwa na mtu wa manjano. Mkono mmoja mfukoni. Uzito kwenye mguu mmoja.

"Kaka Sudi," nilisema.

Nikasikia Mamdogo akivuta pumzi.

"Una hakika?" Sauti ya Bi Mize ilikuwa karibu na sikio langu.

"Ndiyo. Na jaketi lake."

"Anafanya nini?"

"Miguu juu. Kichwa chini."

Ubani uliniwasha macho, lakini sikutaka kupepesa.

"Anatembea?"

"Hapana. Amekaa tu. I mean, amesimama, lakini kichwa chini."

"Anasema kitu?"

"Hapana. Ananitazama."

"Na huo weupe? Umesema umeona weupe?"

Sikuwa nimesema, au labda nilikuwa nimesema. "Nyeupe iko juu. Kila mahali. Miguu yake iko kwenye nyeupe."

"Sanda," alisema Bi Mize, kwa upole kabisa.

Mamdogo hakupiga ukelele kama nilivyotegemea. Alitoa sauti fupi ya mtu aliyekanyaga mwiba. Mimi bado nilikuwa nikitazama. Nilitaka kumwambia kaka Sudi kitu, nilikuwa nimeinua na mkono, lakini Bi Mize aliniondolea kanga, akaifunika gololi nayo, akaenda akafunga ule upenyo wa pazia. "Ukishaonyeshwa, usikodoe," aliniambia. Alinipa pipi ya mnanaa. Nilikaa pale nikiinyonya, na Mamdogo amelala kifudifudi juu ya meza, na nikaelewa kwamba kaka yangu amekufa na mimi ndiye niliyesema.

Mama aliporudi kesho yake aligomba mpaka sauti ikamkauka. Alimwita Bi Mize majina ambayo sikujua kama anayajua. Lakini Mamdogo alikuwa tayari amevua bangili zake, na maji yakimwagika hayazoleki. Mwalimu wa madrasa alipouliza habari za msiba zimetoka wapi, Mamdogo alimwambia tumepigiwa simu. Ikasomwa hitima. Mama Wanjiru wa ghorofa ya juu, nesi kutoka Nyeri, alileta chapati na chai kwenye thamosi mbili, akamkumbatia Mamdogo muda mrefu. "Pole sana, Mama Sudi," alisema. "Mwili wameuweka wapi? Mtamleta lini, tuanze kujipanga?" Mamdogo alisema mbali. Mama Wanjiru alinitupia jicho mimi, kana kwamba mtoto ndiye atakayesema ukweli, nami nikatazama chini.

Wiki tatu baadaye, simu ililia. Ninyi wa rika langu mnazikumbuka zile simu za ukutani zenye waya mrefu uliojisokota, ambazo hazikukuonyesha nani anapiga. Nilikuwa nimetoka shule, Mamdogo yuko bafuni. Nikainua.

Kulikuwa na mvumo, kama upepo mkubwa unaopita na kurudi. Halafu sauti.

"Zuu? Ni mimi. Mama yupo?"

Sijawahi kuogopa vile, kabla wala baada. Niliiachia simu ikaanguka, ikabembea kwenye waya wake ikigonga ukuta, na ile sauti ndogo ikaendelea kuniita kutoka chini. Zuu. Zuu, uko hapo? Nilijua sheria, kila mtoto wa pwani anaijua: maiti akikuita kwa jina, usiitikie. Mamdogo alitoka na taulo kichwani, akaniona nilivyojibanza kwenye friji, akaiona simu. Mpaka anaifikia, ilikuwa imekatika.

Alikwenda kwa Bi Mize akiwa na kandambili kwenye baridi ile. Nilimfuata. Bi Mize alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema wapo wanaokufa ghafla na hawajui kwamba wamekufa, wanahangaika wakitafuta nyumbani. Na yapo majini yanayopenda kuazima sauti za watu wa namna hiyo. Kisha alimvuta Mamdogo karibu na kumnong'oneza, muda mrefu, na Mamdogo akarudia yale maneno kwa midomo tu, kama mtu anayejifunza dua.

Ilipiga tena Jumapili. Safari hii Mamdogo aliwahi. Aliinua, akasikiliza, na nikaona uso wake unavyobadilika, nisiweze kusema kama ni furaha au ni hofu. Aliingia na simu kwenye kabati la makoti, waya ukipita chini ya mlango, akajifungia. Nilisikia mnong'ono tu, sikushika hata neno moja. Alipotoka, alikwenda moja kwa moja kutawadha.

"Hatapiga tena," alisema.

Na kweli hakupiga.

Miaka iliyofuata niliiishi kwa tahadhari. Sikukaa karibu na simu. Nilikwepa vioo. Siku moja nikila supu niligeuza kijiko, nikaona uso wangu ndani yake, kichwa chini, na nikajua kwamba zamu yangu imefika. Nilisubiri kufa wiki nzima bila kumwambia mtu. Nilipoona sijafa nikadhani labda nimesamehewa, lakini kijiko sikukigusa tena. Nilikula kwa mkono hata uji mzito, na Mama alifurahi sana, akawa anawasifia wageni jinsi mwanawe wa Kimarekani anavyopenda mila za kwao.

Mtu mwingine angeelewa pale pale, kwenye kijiko. Mimi nilielewa nikiwa na miaka kumi na tano, kwenye darasa la sayansi, mwalimu alipotundika chupa ya mviringo iliyojaa maji mbele ya dirisha na kutuita mmoja mmoja tutazame. Uwanja wa mpira ulikuwa juu, anga iko chini, na mtunza uwanja alikuwa akisukuma toroli lake miguu juu, hana habari. Wenzangu walicheka. Niliomba ruhusa ya kwenda chooni, nikajifungia humo mpaka kengele ilipolia.

Nyumbani niliitoa gololi chini ya kitanda cha Mamdogo, kwenye sanduku alimoifungia na ile ile kanga. Nilivuta meza dirishani. Nilifunga pazia, nikaacha upenyo wa kiganja, nikakaa nilipokaa siku ile. Nikasubiri. Baada ya kama nusu saa nilimwona mama yangu mzazi, mzima wa afya, akija kutoka kwenye gari na mifuko yake ya dukani, miguu juu, kichwa chini, anakanyaga lami iliyokuwa imepanda juu kwenye dari ya ile nchi ndogo. Nikasikia ufunguo wake mlangoni.

Basi, kaka Sudi alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama kwenye theluji, hatua ishirini kutoka dirishani, akiogopa kubisha kwa sababu alikuwa bado hajawa mtu. Kutoka pale aliona upenyo wa pazia, na kwenye upenyo ule aliona mgongo wa mama yake. Halafu mkono ukaja, ukafunga pazia.

Nilimweleza Mama palepale, mifuko ikiwa bado mikononi mwake. Aliiweka chini mmoja mmoja. Nilimwonyesha. Alitazama ndani ya gololi, akaona maegesho yetu yamepinduka, akafumba macho.

"Usimwambie," alisema.

"Mama, he's alive. He was right there."

"Alikuwa. Miaka sita iliyopita. Leo yuko wapi, unajua? Hujui. Salha amekwisha kulia, Zuhura. Ukimwambia hivi atakaa kwenye dirisha hilo mpaka afe."

"Na ile simu?"

"Hasa hiyo simu," alisema Mama. "Usimwambie."

Nikanyamaza mwaka mzima. Nilimchukia Mama kwa kuniamuru, na nilimshukuru, kwa sababu nilikuwa naogopa. Sitajitetea.

Niseme hapa hapa, ili asikae mtu akisubiri: kaka Sudi hatukumpata. Baadaye tulimtafuta kwa kila njia, kwa jina, kwa picha, kwa watu wa Minnesota na wa Texas na wa Ontario, na bado tunamtafuta. Huenda alibadilisha jina. Mamdogo mpaka leo analipia ile namba ya ukutani, na hahami Laurel.

Kilichonifungua mdomo ni hitima. Kila mwaka, theluji ya kwanza ikianguka, Mamdogo alipika na kuita watu wamsomee mwanawe. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na sita, na kwa mara ya kwanza alinipa msahafu nisome pamoja na wanawake. Nilifungua. Nikatazama herufi. Kila mtu alikuwa akisoma kumwombea kama maiti mtu ambaye, kwa nilivyojua mimi, huenda saa ile alikuwa akila chakula cha mchana mahali fulani. Nilifumbata midomo mpaka walipomaliza.

Wageni walipoondoka, tulibaki jikoni, yeye anakwangua ukoko wa pilau kwenye sufuria kubwa, mimi nafuta sahani. Nilimwambia yote. Nilimweleza chupa ya mwalimu, gololi, Mama na mifuko yake, miguu juu. Niliongea kwa Kiswahili changu kibovu, nikikwama, nikirudia. Hakuacha kukwangua.

"Alikuwa na kofia?" aliuliza.

"Hapana, Mamdogo."

"Baridi ile."

Alikwangua tena kidogo. "Alisimama muda gani?"

"Sijui. Bi Mize alifunga pazia."

Akaweka mwiko. Alikaa chini, kwenye sakafu ya jikoni, mgongo kwenye kabati la sinki, na mikono yake yenye mafuta ameiweka wazi mapajani. Nilikuwa nimejiandaa anilaani. Nilitaka anilaani. Nilimwambia samahani, sijui mara ngapi, na mwishowe alininyamazisha kwa kutikisa kichwa.

"Wewe hukusema uongo," alisema. "Uliulizwa ukajibu. Waliokuuliza tulikuwa watu wazima."

Nikakaa karibu naye. Theluji ilikuwa ikiendelea nje. Nilijua linalokuja, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimelala nalo mwaka mzima.

"Ile simu," alisema.

"Ndiyo, Mamdogo."

"Ilikuwa barabarani. Nilisikia malori yakipita. Nikasema hayo ni mapepo, yanavuma." Alitazama mikono yake. "Nilimwambia mimi si mama yake. Nikamwambia mwanangu nimeshamzika, arudi kwa waliomtuma. Mara tatu, kama nilivyofundishwa."

Sikutaka kuuliza, nikauliza. "Na yeye alisema nini?"

"Alikuwa analia. Ya tatu nilipomaliza, akasema, sawa, Mama."

Alifuta viganja vyake kwa upindo wa nguo.

"Halafu hakukata. Unajua nilimfundisha mwenyewe, tangu yuko hivi, kwamba mdogo hakati simu kabla ya mkubwa wake. Basi akangoja. Namsikia anavyohema, ananingoja mimi. Nikajiuliza, jini gani hili lenye adabu. Nikakata."